Maziwa Yaliharibika Yenyewe

Mama aliandika jibu langu lote kwenye daftari, neno kwa neno, kisha akachukua kalamu nyekundu na kupiga mstari chini ya vitenzi kumi na saba. Nilivihesabu kwa hasira. Mimi ni injinia wa programu za kompyuta, nimefanya kazi mjini Arusha kwa miaka tisa, watu hunipigia simu mifumo yao ikigoma. Na hapo nilikuwa nimekaa kwenye kigoda jikoni kwa mama yangu, kijijini Akheri, nasahihishiwa sentensi kama mtoto wa darasa la nne.

Tena darasa la nne hasa. Ndilo alilofundisha mama mpaka alipostaafu, somo la Kiswahili, na mpaka leo majirani wanamwita Mwalimu, hata wale waliomzidi umri. Ana ng'ombe wawili wa maziwa, migomba, na kahawa kidogo ambayo haimfaidishi chochote lakini hataki kusikia ikisemwa vibaya. Hawezi kupita kwenye duka lenye tangazo lililokosewa bila kumwita mwenye duka atoke nje. Nilimjua hivyo tangu tumboni, kwa hiyo nilipomwomba anisaidie kujiandaa na usaili, nilijitakia.

Usaili wenyewe ulikuwa wa nafasi ya injinia mwandamizi katika kampuni moja ya teknolojia ya nje, ambayo wafanyakazi wake hukaa popote walipo duniani, mradi wana mtandao. Kwangu ilikuwa na maana kubwa. Ningefanya kazi ninayoipenda, ya kiwango ninachokitamani, bila kuhamia Dar wala Ulaya, na mama angebaki umbali wa nusu saa. Nafasi za namna hiyo hazipiti kila siku, na hii ilikuwa imenipita mara moja tayari. Mwaka uliotangulia niliomba. Nilifaulu maswali ya kuandika programu, nikafaulu na lile la kubuni mfumo mkubwa, halafu nikaanguka kwenye kitu ambacho hata sikujua kuwa ni mtihani: mazungumzo ya saa moja kuhusu kazi nilizowahi kufanya. Barua yao ilikuwa ya adabu. Walisema wameshindwa kuona mimi binafsi nilifanya nini. Wakaniruhusu kujaribu tena baada ya mwaka, mara moja tu.

Aliyenionyesha kampuni hiyo, na kunidhamini kwa jina lake mara zote mbili, ni mwenzangu mmoja, Mchaga wa Marangu, ambaye tulifanya kazi meza moja mjini kabla hajaajiriwa huko. Nilimsomea ile barua kwa simu. Akacheka, maana yeye ni mtu wa kucheka kwanza.

“Dada, wewe ukihojiwa unaongea kama tangazo la maji.”

“Tangazo la maji kivipi?”

“‘Wateja mnaarifiwa kuwa hitilafu imejitokeza.’ Imejitokeza kutoka wapi? Nani kapasua bomba?”

Nilimnunia siku mbili. Halafu nikayakumbuka majibu yangu, moja moja, nikaona ni kweli. Pamoja na Kiingereza changu chote kizuri, kwenye simulizi zangu mambo yalikuwa yanatokea yenyewe. Mfumo uliboreshwa. Kosa liligundulika. Uamuzi ulifikiwa. Ungedhani ofisi yetu ilikuwa tupu na kompyuta zilikuwa zinajiendesha.

Naomba nijitetee kidogo. Lugha yetu inatupa kichaka kizuri cha kujificha. Mtoto wa kwetu akiangusha kikombe hasemi nimevunja kikombe. Anasema kikombe kimevunjika, na kwa silabi moja tu ya mwisho anakuwa ameshatoka chumbani. Funguo zimepotea, wali umeungua, shati limechanika. Watu wazima tumeongeza la kwetu: mtandao unasumbua. Karani amesahau kushughulikia faili lako wiki nzima, ukifika anakutazama kwa huruma na kukuambia mama, mtandao unasumbua. Mtandao ungekuwa na mdomo ungeshatufikisha mahakamani.

Nyumbani kwetu ndiko silabi hiyo haikuwahi kupita. Nilikuwa na miaka kama saba nilipovunja kikombe cha wageni, chenye maua. Nikamfuata mama shambani nikamwambia kikombe kimevunjika. Hakuinua hata kichwa. “Kiima umepata,” alisema. “Ni kikombe. Mtenda je, yuko wapi?” Nikalia. Akangoja nimalize, akauliza tena. Nadhani ndiyo siku niliyoapa kusoma hesabu.

Basi nilipokaribia nafasi yangu ya pili na ya mwisho, nilichukua likizo ya wiki mbili nikarudi kwa mama. Chumba changu cha mjini, Njiro, kinapakana na fundi wa kuchomelea mageti, na fundi huyo hana habari na usaili wa mtu. Akheri kulikuwa na utulivu, chakula, na ubao mdogo mweusi ambao mama aliutumia zamani kufundishia watoto masomo ya ziada. Asubuhi nilifanya mazoezi ya programu sebuleni. Mchana nilichora mifumo kwenye ule ubao kwa chaki, visanduku na mishale, na mama alikuwa akipita na ndoo ya majani ya ng'ombe anasimama kutazama. Siku moja niliporudi kutoka chooni nilikuta amenisahihishia herufi kwenye neno “foleni”. Mishale hakuigusa. Alisema hiyo ni taaluma yangu.

Jioni, kabla ya kukamua, ndipo tulipofanya mazungumzo. Nilimtafsiria maswali yanayopendwa na makampuni hayo, naye akayaandika kwenye daftari kwa mwandiko wake wa ubaoni. Lile tuliloanza nalo, na ambalo ndilo lililoniangusha mwaka uliotangulia, lilikuwa hili: eleza wakati ulipokosea kazini.

Kosa nililoliandaa lilikuwa la kweli. Miaka minne nyuma mimi na yule mwenzangu tulitengeneza mfumo wa meseji kwa ajili ya gari linalokusanya maziwa ya wafugaji wa upande wetu huu wa mlima. Zamani gari lilikuja likipiga honi, saa moja au saa mbili, kwa kadiri dereva alivyoamka. Mfumo wetu ungemtumia kila mfugaji meseji jioni, kumjulisha kesho yake gari litafika kituoni kwake saa ngapi. Siku ya kwanza kabisa gari lilipangwa kufika saa kumi na mbili asubuhi. Meseji zikasema saa sita mchana.

Sababu yake ni ya kwetu sisi peke yetu. Kompyuta huanza kuhesabu saa katikati ya usiku, sisi tunaanza na mapambazuko, na kati ya hesabu hizo mbili kuna tofauti ya saa sita. Asubuhi ile kompyuta inaiita sita, sisi tunaiita kumi na mbili. Mwenzangu alikuwa ameshaandika sehemu ya kugeuza: ondoa sita, ikibaki sifuri andika kumi na mbili. Safi kabisa. Halafu sehemu iliyofuata ikapokea ile kumi na mbili, ikadhani bado ni saa ya kompyuta, yaani adhuhuri, ikaondoa sita nyingine na kuandika neno “mchana” mbele yake. Hesabu mbili sahihi zikazaa jibu bovu.

Ng'ombe hasomi meseji. Wafugaji walikamua alfajiri kama siku zote. Wakasikia gari linapita, wakasema labda linapanda juu kwanza, litarudi saa sita kama tulivyoandikiwa. Ilikuwa Februari, na jua la Februari mnalijua. Saa sita walisimama kituoni na ndoo zao, gari halikuja, maziwa yakaanza kuganda. Jioni yake wafugaji wote walipokea meseji nyingine: samahani, kulikuwa na tatizo la mtandao.

Nilimsimulia mama hayo yote vizuri, nikahitimisha kwa sauti ya mtu mzima: “Saa zilipunguzwa mara mbili, maziwa yakaharibika, kosa likagundulika, na mfumo ukarekebishwa.” Nikangoja sifa. Hapo ndipo ilipotoka kalamu nyekundu.

“Zilipunguzwa na nani?” aliuliza.

“Na mfumo.”

“Mfumo una mikono?”

“Mama, ndivyo tunavyosema kazini.”

“Na maziwa yaliharibika yenyewe?”

“Jua, mama. Jua liliyaharibu.”

“Kumbe jua ndilo lililotuma meseji.”

Nilisimama nikatoka. Nilimwambia kutoka mlangoni kwamba wale ni wataalamu wa kompyuta, si darasa la nne. Akanijibu kwamba darasa la nne wangekuwa wameshanikamata zamani. Nilienda nikakaa nyuma ya zizi, ambako ndiko simu hushika mtandao vizuri, nikajifanya nasoma. Ndama alikuwa ananitazama tu.

Tulikwenda hivyo siku tatu. Nilibadili maneno, nikahamisha sentensi, nikasema “tulipunguza” badala ya “zilipunguzwa”, nikaona nimepiga hatua. Mama akauliza tulikuwa wangapi. Siku ya tatu nilimshambulia kwa silaha yake mwenyewe. Nilimwambia yeye ndiye aliyenifundisha nisiwe mtu wa mimi, mimi, kwamba kwetu mtu anayesimama na kuhesabu aliyoyafanya anachekwa hata kanisani, na sasa ananitaka nijipigie debe mbele ya wageni.

Alifikiri kwanza. Mama ana tabia hiyo nzuri, ukimwambia jambo lenye uzito analipima hata kama umelisema kwa jeuri.

“Kujisifu ni kuchukua la mwenzako ukaliita lako,” alisema. “Ukifanya jambo, sema nimefanya, kisha nyamaza. Halafu, mwanangu, mimi nimekuuliza kosa. Tangu lini mtu akajisifia kosa?”

 Aliendelea kumenya ndizi zake, kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya sukari: “Na hiyo mashine yenu, yenyewe inasemaje?”

Nilicheka bila kupenda. Mashine yetu hutunza kumbukumbu. Kila mstari wa programu una jina la aliyeuandika, na siku, na saa. Ukitaka kujua nani kaweka nini, unaiuliza, inakuambia bila kuona haya. Miaka yote nilikuwa naitumia kila siku na sikuwahi kufikiria kwamba kompyuta haijui kusema kimevunjika.

“Basi soma ilivyoandika,” alisema mama.

Nikamsomea. Sikuhitaji kufungua kompyuta, nilikuwa nakumbuka. Nilisema mwenzangu aliandika sehemu yake vizuri, na akaniachia ujumbe kwamba saa ameshazigeuza. Sikuusoma ule ujumbe. Niliona najua. Niligeuza saa mara ya pili, mimi, kwa mistari minne, kabla ya chakula cha mchana. Sikutuma hata meseji moja ya majaribio kwenye simu yangu. Meseji ya kuusingizia mtandao niliiandika mimi, peke yangu, na wala sikusita. Na kwenye kikao, mkuu wetu alipouliza kimetokea nini, nilisema saa zilipunguzwa mara mbili. Akatugombeza wote wawili kwa nusu saa. Mwenzangu aliinamisha kichwa akapokea nusu yake ya maneno, nami nikamwacha apokee.

Mama aliandika mpaka mwisho. Kalamu nyekundu haikusogea. Alichosema ni hiki tu: “Sentensi hizi zina watu.” Kisha akauliza kama mwenzangu huyo ndiye huyu anayenidhamini. Nikasema ndiye. Akauliza kama nimewahi kumwambia. Nikasema bado. Akanisogezea simu yangu, iliyokuwa juu ya gunia la mahindi.

Nikaenda tena nyuma ya zizi. Mwenzangu alipopokea nilimwambia yote kwa mfululizo, kwa kuogopa kwamba nikipumua nitarudi kwenye tangazo la maji. 

“Dada,” alisema, “nilijua tangu siku ileile. Jina lako si limeandikwa kila mstari?”

“Mbona hukusema?”

“Ningesema nini? Tulikuwa wawili, ugomvi tukagawana. Lingekuwa kosa langu ungenisaidia kubeba.” Halafu akacheka. “Ila hongera kwa kufika. Umechukua muda.”

Nilijifuta macho kwa kanga ya mama iliyokuwa imeanikwa kwenye uzio. Nimekuwa na bahati ya watu. Wapo wanaotafuta marafiki wa namna hiyo maisha mazima, na mimi nilikuwa naye meza moja, nikila naye chipsi mayai, wala sikujua nina nini.

Baada ya hapo maandalizi yalikwenda. Ajabu ni kwamba hata mazuri yangu yalianza kutoka mdomoni kwa urahisi. Niliweza kusema nilibuni, nilikataa, nilimshawishi bosi, bila kuona aibu, maana nilikuwa nimeshasema nilikosea na paa halikuanguka. Mama alinipa maksi zake. Hakuna siku aliyonipa kumi.

Siku ya usaili ilikuwa Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Saa hiyo Akheri hakuna utulivu hata kidogo. Ng'ombe wanadai kukamuliwa, kuku wanarudi, na jirani yetu ana mashine ya kukatia majani ya mifugo inayosikika mpaka barabarani. Sikumwambia mtu kitu, lakini ilipokaribia saa ile mashine ikanyamaza. Baadaye nilijua kwamba mama alikwenda kumwomba jirani, naye jirani akakata majani yake yote mchana juani ili mimi nipate saa yangu moja. Ndama alihamishiwa mbali. Na kupitia dirishani, nikiwa nimevaa blauzi ya ofisini juu na kanga chini, nilimwona mama amesimama getini. Kila aliyefika akifungua kinywa apige hodi, mama alijiwekea kidole mdomoni kumnyamazisha, wakasalimiana kwa ishara tupu. Mchungaji naye alipita, akasalimiwa kwa kidole.

Aliyenihoji alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Aliuliza swali lile. Nilimweleza kwa Kiingereza kile nilichomsomea mama, mistari minne, ujumbe ambao sikuusoma, kikao, na kwamba nilimwomba mwenzangu radhi siku chache tu kabla ya usaili, miaka minne baada ya kosa. Alitabasamu kidogo aliposikia hayo ya mwisho. Nilimweleza pia nilichobadilisha: tangu siku ile situmi kitu kwa watu kabla sijajitumia mwenyewe. Kisha akaniuliza swali ambalo halikuwa kwenye daftari letu.

“Na wale wafugaji? Ulizungumza na hata mmoja wao?”

Kichaka kilikuwa palepale, kimoja tu, kinaniita. Ningeweza kusema mawasiliano yalifanyika. Nilisema hapana. Nilisema niliwatumia meseji ya uongo na sikumtafuta hata mmoja, si siku ile wala baadaye. Aliandika kitu, akashukuru, tukaagana. Nilifunga kompyuta nikiwa na hakika kwamba hiyo hapana ndiyo imenimaliza.

Haikunimaliza. Jibu lilikuja siku sita baadaye, na nalisema hapa hapa ili nisije nikaulizwa: walinichukua, na nafasi niliyoiomba ndiyo waliyonipa. Lakini jioni ile sikuwa najua, na niliingia jikoni nimeinamisha mabega.

Mama alikuwa amepika loshoro. Kwa asiyeijua, ni makande ya mahindi yanayochanganywa na maziwa mgando, chakula chetu cha milimani, na mtu wa pwani ukimpa atakuuliza kama unamtania. Alikuwa anayakoroga.

“Vipi?”

“Nzuri,” nilisema. “Ila wameniuliza kama nilizungumza na mfugaji hata mmoja.”

“Ukasemaje?”

“Nikasema ukweli. Hapana.”

Mama akauweka mwiko pembeni ya sufuria, akakaa. “Hapo umekosea kidogo,” alisema. “Umezungumza naye kila siku, wiki mbili hizi.”

Sikumwelewa. Nilijua kwamba mama anapeleka maziwa kwenye lile gari, ndoo yake nilikuwa naiona kila asubuhi. Lakini nilijua pia kwamba zamani maziwa yake yalikuwa yakichukuliwa yote na mama mmoja mwenye mgahawa Tengeru, na nikawa nimejiwekea kichwani kwamba alihamia kwenye gari baadaye, mambo yalipotengemaa. Sikuwahi kumuuliza.

“Wa mgahawa niliagana naye wiki ile,” alisema. “Si ulikuja hapa ukanionyesha kwenye simu? Ukasema mama, hiki nimewatengenezea wafugaji wa kwetu. Nikasema, kazi ya mwanangu, mimi nikae nje? Nilijiandikisha kituoni wa kwanza.”

“Siku ile ulikuwepo?”

“Nilikuwepo.”

“Na maziwa?”

“Lita tisa.”

“Mlisimama mpaka saa ngapi?”

“Wenzangu waliondoka saa nane. Mimi nilikaa mpaka saa nane na nusu.” Alichukua mwiko tena, akakoroga pasipohitaji kukorogwa. “Nilikuwa nimewaambia subirini, huyo aliyeandika ni mwanangu, hakosei saa.”

Nilikumbuka yote kwa mara moja. Jioni ya siku ile nilimpigia simu, nikamuuliza habari za kutwa, akasema nzuri tu. Jumamosi yake nikaja nyumbani kutafuta faraja, maana kikao cha bosi kilikuwa kimeniuma. Nikakuta loshoro, sufuria kubwa, na majirani wamekuja kula. Nilikula bakuli mbili. Nikamsifu mama mbele yao kwamba maziwa ya safari hii yameganda vizuri sana, afanye hivyo hivyo siku zote. Hakuna jirani aliyecheka.  Walikuwa wamesimama naye kituoni, wakajua huyu ndiye, wakanisogezea bakuli.

“Kwa nini hukuniambia, mama?”

“Ulikuwa umeshaandika kwamba ni mtandao,” alisema. “Nikasema ngoja. Atakuja kusema mwenyewe.”

Miaka minne. Na katika hizo wiki mbili nilimsimulia habari ile mara ishirini, jua, ndoo, kituo, na yeye akiwa na kalamu mkononi, akiniuliza mtenda yuko wapi, wala sauti yake haikutetemeka. Nilitaka kumwambia mambo mengi. Nilitaka kumshukuru kwa kidole chake getini, kwa ule ubao, kwa kunikatalia lile shamba la maneno nililolipanda ili nijifiche ndani yake.  Lililotoka mdomoni lilikuwa fupi.

“Mama,” nilisema, “nilikuharibia maziwa.”

Akaacha kukoroga.

“Hiyo ni kauli gani?”

“Ya kutendea.”

“Vema,” alisema mama, neno aliloandika pembeni ya madaftari ya watoto wa watu miaka yote ile, na ambalo mimi sikumbuki kuwahi kulipata kwake. Akanijazia bakuli. “Kula sasa, yasipoe.”